Uhakiki wa The Stranger Beside Me: Ted Bundy machoni pa mwanamke aliyekuwa rafiki yake

Habari za Ted Bundy, Mmarekani aliyeua wanawake wengi katika miaka ya sabini, zimeandikwa na kuigizwa mara nyingi mno, na mtu anayetaka kuzisoma kwa mara ya kwanza hupata taabu ya kuchagua aanzie wapi. Kitabu cha Ann Rule kiitwacho The Stranger Beside Me, ambacho W. W. Norton walikitoa mwaka 1980 na ambacho mwandishi aliendelea kukiongezea sura kwa karibu miaka thelathini, ndicho ninachokiweka mbele ya vingine vyote. Hata hivyo, sikipi nafasi hiyo kwa sababu inayotajwa na wengi, yaani kwamba kinaifungua akili ya muuaji. Hakiifungui. Kila Rule anapojaribu kueleza ni kwa nini Bundy aliua, kurasa zake hulegea. Anachokifanya kwa ustadi ambao sijauona kwingine ni kuonyesha, mwezi baada ya mwezi, jinsi mtu mwenye akili timamu na mzoefu wa mambo ya polisi anavyoweza kukaa na ushahidi mbele ya macho yake na bado akashindwa kuuamini.

Rule hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi, na hilo ndilo linalokipa kisa hiki uzito. Katika ujana wake aliwahi kuwa askari polisi wa jiji la Seattle kwa muda, na kufikia mwanzo wa miaka ya sabini alikuwa akilea watoto wanne huku akiandikia majarida ya habari za uhalifu kwa jina la kiume la Andy Stack. Wapelelezi wa idara ya mauaji walimfahamu, walimwamini na kumruhusu asome majalada yao. Mwaka 1971 alianza kujitolea, usiku wa Jumanne, katika kituo kilichopokea simu za watu waliokata tamaa, kilichokuwa ndani ya jumba kongwe katika mtaa wa Capitol Hill. Ndugu yake wa kiume alikuwa amejiua akiwa bado kijana wa chuo, na msiba huo ulikuwa na sehemu kubwa katika uamuzi wake wa kwenda pale. Aliyepangwa naye zamu moja alikuwa mwanafunzi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, mwenye umri wa miaka 24, ambaye tofauti na Rule alikuwa akilipwa ujira mdogo wa dola mbili kwa saa. Kijana huyo ndiye Bundy.

Sura zinazoeleza kazi yao ya usiku ni fupi, lakini ndizo zinazobeba kitabu kizima. Rule anaeleza jinsi mmoja wao alivyomshikilia kwa maneno mtu aliyekwisha kumeza vidonge, huku mwingine akitumia laini ya pili kuwasihi watu wa kampuni ya simu wafuatilie simu hiyo inatoka nyumba gani, ili gari la wagonjwa lifike kabla pumzi haijakatika. Anasema bila kumung'unya maneno kwamba Bundy aliifanya kazi hiyo vizuri: sauti yake ilikuwa tulivu, alikuwa na subira, hakumharakisha mtu, na wapo waliopona kwa sababu yake. Zamu ilipokwisha usiku wa manane alikuwa akimsindikiza Rule hadi kwenye gari lake, akahakikisha amefunga milango, akamwambia awe mwangalifu njiani. Rule anakiri kwamba aliwahi kujiambia moyoni kwamba, kama angekuwa na umri mdogo zaidi na hana mume, au kama mabinti zake wangekuwa wakubwa, kijana yule angefaa sana.

Mwandishi mwingine angeirudia kumbukumbu hiyo na kuipaka rangi mpya, akatuambia kwamba hata wakati ule aliona kitu fulani machoni mwa Bundy kilichomtisha. Wengi waliomjua muuaji huyu wamefanya hivyo, na sina hakika kwamba wote wanasema uongo, kwa maana kumbukumbu ya binadamu hupenda kujitengeneza baada ya habari kutangazwa. Rule anakataa njia hiyo. Anashikilia kwamba hakuona lolote, na kwamba mbwa wake pekee, aliyekuwa akimngurumia Bundy, ndiye ambaye pengine angeweza kumsaidia. Ukweli huo wa kukiri kutokuona ndio ulionifanya nimwamini katika mengine yote.

Kisha unaingia mwaka 1974. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, Lynda Ann Healy, mwanafunzi wa miaka 21 aliyekuwa akisoma taarifa za theluji redioni kila alfajiri kwa ajili ya watu wa kuteleza milimani, alitoweka kutoka chumba chake cha chini karibu na chuo. Rule anaisimulia asubuhi ile kwa mambo madogo: saa ya kuamshia inayolia saa kumi na moja na nusu na kuendelea kulia, simu kutoka redioni ya kuuliza kwa nini hajafika, kitanda kilichotandikwa nadhifu kuliko alivyozoea mwenyewe kukitandika, na vazi la kulalia lenye damu lililotundikwa kabatini. Kuanzia hapo wasichana walipotea kila mwezi, Washington na hata katika jimbo jirani la Oregon, hadi ilipofika Jumapili ya tarehe 14 Julai katika ufuo wa ziwa Sammamish, ambako wawili walichukuliwa mchana kweupe, kwa tofauti ya saa chache, katikati ya umati wa watu waliokwenda kupunga upepo.

Maelezo ya siku hiyo ni sehemu moja ambayo ningependa kila msomaji aisome polepole. Kijana aliyevaa nguo nyeupe za tenisi, mkono wa kushoto ukiwa umening'inizwa kwa bandeji shingoni, alikuwa akipita kwa wasichana mmoja baada ya mwingine, akijitambulisha kwa jina la Ted na kuomba msaada wa kushusha mashua yake ya tanga. Mmoja alikubali akafuatana naye hadi mahali pa kuegesha magari, akakuta Volkswagen ndogo isiyo na mashua yoyote. Alipouliza, akaambiwa kwamba mashua iko kwa wazazi wake, juu kidogo mlimani. Msichana akasema hapana, hana nafasi. Yule kijana hakukasirika wala hakumshika. Alimwomba radhi kwa kutomweleza mapema, akaenda zake kutafuta mwingine. Katika utulivu huo wa kupokea neno hapana kuna mengi kuhusu Bundy kuliko katika kurasa kadhaa za nadharia zinazofuata baadaye.

Wakati huo Rule alikuwa tayari anaandika habari za wasichana hao waliopotea, na baadaye alitia saini mkataba wa kitabu kuhusu mauaji hayo, bila mtu yeyote kujua muuaji ni nani. Polisi walipotangaza jina la Ted, mchoro wa uso na aina ya gari, alipata wasiwasi, akampigia simu mpelelezi wa Seattle aitwaye Dick Reed, akampa jina la rafiki yake huku akisisitiza kwamba haamini kuwa ni yeye, tena kwamba kwa kadiri anavyofahamu Ted hana gari. Reed alipopekua kumbukumbu za magari akamrudishia jibu kwamba Theodore Robert Bundy anamiliki Volkswagen ya mwaka 1968, rangi ya shaba. Rule alidhani anataniwa. Alipothibitishiwa kwamba si utani, aliagana na mpelelezi, akasubiri, na aliposikia kimya akaona kwamba pengine wamemchunguza wakamwona hana hatia. Maisha yakaendelea. Nimelirudia tukio hilo kwa sababu halina mbwembwe hata kidogo, na msomaji anayejua mwisho wa hadithi anatamani amshike Rule bega amwambie apige simu tena.

Hapa lazima polisi watendewe haki, jambo ambalo Rule mwenyewe analifanya kwa uungwana, labda uungwana uliozidi kidogo kwa kuwa wengi wao walikuwa rafiki zake. Jina la Bundy lilifikishwa kwa wapelelezi na watu wanne mbalimbali: mchumba wake, Rule, mfanyakazi mwenzake katika idara ya huduma za dharura ya jimbo, na mmoja wa maprofesa wake wa saikolojia. Lakini simu za wananchi zilikuwa zikifikia 200 kwa siku, na mwanafunzi wa sheria mtanashati, asiye na rekodi ya uhalifu, aliyewahi kufanya kazi katika kampeni ya Gavana Dan Evans mwaka 1972, hakuwa mtu wa kupewa kipaumbele. Mpelelezi Robert Keppel wa kaunti ya King alilazimika kuazima kompyuta ya kulipia mishahara ili kulinganisha orodha za wenye Volkswagen, wanafunzi wa darasa moja na marehemu, watu walioitwa Ted na kadhalika. Kati ya maelfu ya majina, yaliyojitokeza katika orodha nne yalikuwa 26, na la Bundy lilikuwamo. Kufikia wakati huo yeye alikuwa amehamia Salt Lake City kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Utah, na wasichana wa Utah na Colorado walikuwa wamekwisha kuanza kupotea, huku polisi wa kila jimbo wakihangaika peke yao bila njia ya haraka ya kupashana habari. Wanaomwita Bundy gwiji wa ujanja wangefaa kuzisoma kurasa hizi mara mbili, kwa sababu muda mwingi alilindwa na mipaka ya majimbo na kabati za majalada, si na akili yake.

Alikamatwa usiku wa tarehe 16 Agosti 1975 na askari wa doria nje ya Salt Lake City, aliyeona Volkswagen ikikimbia bila taa. Ndani ya gari mlikuwamo barakoa, pingu, kamba, mtaimbo na sindano ya kuvunjia barafu, na kwa kila kimoja Bundy alikuwa na maelezo. Katika miezi hiyo ndipo alipomkumbuka Rule. Alimpigia simu kutoka Utah, baada ya kimya kirefu, akamwomba amuulizie kwa rafiki zake wa polisi ni kwa nini wapelelezi wa Washington wanataka kumbukumbu zake za chuo. Kuanzia hapo kitabu kinakuwa kitu cha pekee katika fasihi ya aina hii: mwandishi anafuatilia kesi, huku mshtakiwa mkuu akimwandikia barua, akimpigia simu na kumwita rafiki. Rule anampelekea vipesa vidogo vya kununulia stempu na sigara. Akiwa nje kwa dhamana mwanzoni mwa mwaka 1976 Bundy anarudi Seattle, wanakula chakula cha mchana pamoja katika mkahawa wa Kifaransa wa Pioneer Square, polisi wakimfuata mtuhumiwa wao kila anapokwenda, na Rule anamwambia uso kwa uso kwamba hawezi kusema anaamini kabisa kuwa hana hatia. Bundy anajibu kwamba hilo si neno.

Barua za Bundy ni hazina ya kitabu hiki. Ameziandika kwa Kiingereza kilichopambwa, chenye kejeli dhidi ya waendesha mashtaka na huruma nyingi kwake mwenyewe, na Rule ananukuu sehemu ndefu bila kuingilia. Unapozisoma unagundua kwamba mtu huyu anaweza kuzungumzia mvua, chakula cha gerezani, sheria na upendo wake kwa uhuru, lakini hana hata sentensi moja ya kweli kuhusu waliokufa. Hawagusi. Hata anapotetea kutokuwa na hatia, hasemi kama mtu wa kawaida angesema, kwamba aliyefanya unyama ule bado yuko mitaani na anapaswa kutafutwa. Rule halitamki jambo hilo waziwazi. Analiacha msomaji alivumbue, na hiyo ni busara ya uandishi.

Kuhukumiwa kwake Utah kwa utekaji nyara, Machi 1976, na kutoroka kwake mara mbili huko Colorado, nisingependa kuvirefusha hapa kwa kuwa ndivyo vinavyojulikana zaidi. Itoshe kusema kwamba mara ya kwanza, tarehe 7 Juni 1977, aliruka kutoka dirisha la ghorofa ya pili ya mahakama ya Aspen, ambako aliachwa bila pingu katika maktaba ya sheria kwa sababu alikuwa akijitetea mwenyewe. Na kwamba mara ya pili, tarehe 30 Desemba mwaka huohuo, alipenya kwenye dari la jela ya Glenwood Springs, na askari wakagundua saa 17 baadaye. Wiki mbili baada ya hapo, alfajiri ya tarehe 15 Januari 1978, aliingia katika nyumba ya wanafunzi wa kike ya Chi Omega huko Tallahassee, jimbo la Florida, akaua wasichana wawili na kujeruhi wengine. Mtu wa mwisho aliyemuua alikuwa mtoto wa miaka 12, aliyechukuliwa shuleni kwake Lake City mwezi Februari. Rule anapofika hapa sauti yake inabadilika. Ule ukarimu wa rafiki unapungua, sentensi zinakuwa fupi, na mwandishi wa majarida ya polisi anarudi kazini.

Kesi ya Miami ya mwaka 1979, iliyopigwa picha za televisheni kwa kuwa Florida ilikuwa imeanza kuruhusu kamera mahakamani, ndiyo inayotoa nafasi nzuri ya kuzungumzia saikolojia, na hapa kitabu kina mazuri na mabaya. Mazuri ni kwamba kinamweka msomaji karibu na uamuzi mmoja ambao hauelezeki kwa hesabu ya kawaida. Mawakili wa Bundy walikuwa wamempatia makubaliano ya kukiri mauaji matatu ya Florida na kufungwa miaka 75, na kwa njia hiyo kuepuka kiti cha umeme. Alifika mbele ya mahakama akiwa ameyakubali, kisha dakika ya mwisho akayakataa na kuwashambulia mawakili hao hadharani. Daktari wa akili Emanuel Tanay, aliyempima kwa niaba ya utetezi, alieleza kwamba kwa Bundy kuwa kinara wa onyesho na kuwashinda wenye mamlaka kulikuwa na thamani kuliko kuokoa uhai wake. Hervey Cleckley, ambaye tangu miaka ya arobaini alikuwa bingwa wa kueleza watu wa namna ya saikopathi, naye alimpima, na jibu lake likawa kwamba hana kichaa: anajua jema na baya, anajua sheria, anao uwezo wa kusimama kizimbani. Kinachokosekana ni ule uzito ambao watu wengine huusikia ndani wanapomdhuru mtu. Rule anaifuata tafsiri hiyo, na anafanya vizuri kutoipamba.

Mabaya yanaanza anapotaka kupata chanzo. Bundy alizaliwa tarehe 24 Novemba 1946 mjini Burlington, Vermont, katika nyumba ya akina mama wasioolewa, na kwa miaka yake ya kwanza alilelewa Philadelphia kama mtoto wa babu na bibi yake, mama yake mzazi akipita kama dada yake. Rule anaamini kwamba aligundua siri hiyo mwaka 1969, alipokwenda Vermont kutafuta cheti chake cha kuzaliwa, na analipa jambo hilo uzito mkubwa. Anaongeza mapenzi yaliyovunjika: msichana wa familia tajiri ya California, ambaye kitabu kinampa jina la kubuni la Stephanie Brooks, alimwacha kwa kuwa hakumwona kuwa na mwelekeo, Bundy alijijenga upya, akarudi kwake mwaka 1973 akiwa kijana wa siasa na sheria, akamfanya aamini kwamba wataoana, kisha akamtupa bila neno. Muda mfupi baadaye mashambulizi yakaanza. Kwa kuwa msichana huyo alikuwa na nywele ndefu nyeusi zilizogawanywa katikati, na wengi wa waliouawa walikuwa hivyohivyo, Rule anapendekeza kwamba Bundy alikuwa akimuua yeye tena na tena.

Hoja hiyo inavutia, na ndiyo iliyosambaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu, lakini mimi siinunui. Mwaka 1974 wasichana wa vyuo vya Marekani waliofuga nywele ndefu na kuzigawa katikati walikuwa wengi mno; ukichagua vijana wa kike kumi kwenye uwanja wowote wa chuo ungepata wengi wanaofanana na Stephanie Brooks. Bundy mwenyewe aliikana hoja hiyo, ingawa neno lake si la kutegemewa. Kubwa zaidi ni kwamba maelezo ya aina hii, bila mwandishi kukusudia, yanamtupia mwanamke aliyeachana na mchumba wake sehemu ya lawama ya mauaji asiyoyajua. Wanaume wasiohesabika wameachwa na wachumba, na watoto wengi wamedanganywa kuhusu wazazi wao, wasimguse mtu. Mwenye kutafuta sababu atakuta kwamba Rule amekusanya mambo yaliyotangulia, wala hajaonyesha kwamba ndiyo yaliyosababisha.

Jambo jingine ambalo msomaji wa leo anapaswa kulisoma kwa tahadhari ni ushahidi wa meno. Alama ya kung'atwa kwenye mwili wa mmoja wa marehemu wa Chi Omega ililinganishwa na meno ya Bundy, na ushahidi huo ulichangia sana jopo la waamuzi kumtia hatiani tarehe 24 Julai 1979, baada ya mashauriano ya chini ya saa saba. Rule, kama kila mtu wa wakati ule, anauchukua kama sayansi isiyotikisika. Mwaka 2009 ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani iliutilia shaka kubwa ulinganishaji wa aina hiyo, na hapo katikati watu kadhaa wasio na hatia walikwisha kufungwa kwa ushahidi kama huo. Hilo halimsafishi Bundy, ambaye hatimaye alikiri mwenyewe, lakini toleo jipya la kitabu lingefaa kuwa na maelezo mafupi kuhusu suala hilo.

Sura hizohizo za mahakama zina tukio lililonikera kuliko mengine yote. Jaji Edward Cowart, baada ya kumhukumu Bundy kifo na kuyaita matendo yake ya uovu wa kutisha, alimwambia ajitunze, akamsifu kwamba angekuwa wakili mzuri na kwamba angefurahi kumwona akifanya kazi mbele yake, akasema hana chuki naye. Familia za wasichana zilikuwa hai, na majeruhi wa usiku ule walikwisha kutoa ushahidi. Rule anayaweka maneno hayo bila maoni marefu, lakini nikiyasoma baada ya sura za zamu za usiku niliona kwamba jaji mzee naye amefanyiwa kile alichofanyiwa mwandishi: tai, lugha safi na tabasamu vimemfanya aone mtu ambaye hayupo.

Toleo la kwanza lilikwisha kabla Bundy hajakiri lolote, kwa hiyo sura zilizoongezwa si mapambo. Ile inayofikia mwaka 1989 ni ya lazima, kwa sababu inaeleza siku za mwisho, ambapo aliwaita wapelelezi, Keppel akiwa mmoja wao, akaanza kutaja mauaji moja baada ya jingine kwa matumaini ya kununua muda. Alikiri 30. Aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 24 Januari 1989 katika gereza la jimbo la Florida, huku nje watu wakishangilia na kuwasha fataki. Rule hashangilii wala halii hadharani. Sura za baadaye, hata hivyo, zingeweza kupunguzwa kwa nusu. Anachapisha humo visa vya wanawake wengi waliomwandikia wakisema kwamba waliwahi kukutana na Bundy wakaponea chupuchupu, na ingawa baadhi vinaweza kuwa kweli, kwa wingi wake vinachosha na haviwezi kuthibitishwa. Mwandishi aliyejizuia vizuri katika kurasa 400 za mwanzo anaonekana hapo kama mtu anayeshindwa kufunga mlango.

Ninampa heshima kubwa kwa jinsi alivyowaandika waliouawa. Kila mmoja anapewa nyumba yake, masomo yake, kazi yake, alichokuwa amepanga kufanya kesho yake, na hakuna anayeingia kitabuni akiwa maiti. Picha za miili hazisimuliwi kwa uroho, ingawa sura za Chi Omega na ile ya mtoto wa Lake City ni nzito, na asiyeweza kuvumilia maelezo ya ukatili wa kijinsia asikichukue kitabu hiki kabisa.

Kiingereza chake ni chepesi, cha mwandishi wa magazeti, na msomaji aliyemaliza sekondari atakimudu, isipokuwa kwamba kuna maofisa, kaunti na mahakama nyingi za majimbo tofauti, na ni vyema kuwa na ramani ya Marekani karibu katika sura za Utah na Colorado. Usinunue nakala ya zamani ya 1980 kwa sababu ya bei tu, kwani utakosa kukiri kwake. Tafuta toleo lolote lililotoka baada ya 1989, liwe la karatasi au la kielektroniki.  Soma hadi mwisho wa sura ya kuuawa kwake kwa kiti cha umeme, na zinazofuata uzipitie haraka ukiwa na nafasi.